Nafsi ya Kwanza Wingi: Onyo la Jehanamu katika Albamu ya Kwanza ya Curtis Mayfield

Dini zinazoamini kwamba Mungu huwatuma wanadamu kuwaonya wanadamu wenzao zimelazimika kulikabili swali moja gumu, nalo ni la mahali anaposimama mwonyaji. Anayetangaza kwamba moto unakuja anaweza kuutangaza akiwa juu ya kilima, mbali na nyumba zitakazoungua, au akiwa ndani ya nyumba mojawapo. Na ingawa maneno yake yaweza kuwa yale yale katika hali zote mbili, maana yake hubadilika, kwa kuwa katika hali ya kwanza onyo linakaribia kuwa hukumu, na katika hali ya pili linakaribia kuwa sala. Sarufi ya Kiswahili inalo neno linalofaa kulichunguzia jambo hili. Mnenaji anaposema "mimi" au "sisi", wanasarufi husema kwamba anatumia nafsi ya kwanza, umoja au wingi, na neno hilo "nafsi" ndilo hilo hilo linalotumika kwa ile sehemu ya mtu ambayo, kwa mujibu wa Uislamu na Ukristo, itasimama mbele ya Muumba wake na kutoa hesabu. Swali linaweza basi kuulizwa hivi: je, nafsi inayotoa hesabu ni ya umoja tu, au kuna namna ambayo nafsi ya wingi nayo huulizwa, na anayesema kwa niaba yake hulazimika kuulizwa pamoja nayo?

Insha hii inalichunguza swali hilo kwa kuisikiliza albamu iitwayo Curtis, ambayo Curtis Mayfield, mpiga gita, mwimbaji na mtunzi wa Chicago, aliitoa Septemba 1970 akiwa na umri wa miaka 28. Ilikuwa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, baada ya zaidi ya miaka kumi katika kundi la The Impressions, na ni mojawapo ya kazi zilizouunganisha muziki wa soul na ule wa fanki. Soul, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni roho, ni muziki uliochipuka katika miaka ya 1950 pale waimbaji Weusi wa Marekani walipochukua uimbaji wa makanisa yao, pamoja na vilio vyake, viitikio vyake na makofi yake, wakautumia kuimbia mapenzi na maisha ya kila siku. Fanki, iliyofuata katika miaka ya 1960, iliuhamisha uzito wa wimbo kutoka kwenye melodia na kuupeleka kwenye mdundo, hata gita la besi na ngoma vikawa ndivyo vinavyotangulia na vyombo vingine vikavifuata. Albamu hii imepewa jina la mtu mmoja, tena lile la nyumbani, lakini wimbo unaoifungua unasema kwa wingi. Katika mgongano huo kati ya jina lililo kwenye jalada na nafsi inayosema ndani ya nyimbo ndimo lilimo jibu litakalotetewa hapa, yaani kwamba haki ya kuonya anaipata yule anayejihesabu miongoni mwa wanaoonywa, na kwamba kusema peke yake kwa namna hiyo hakumtoi mtu katika jamaa yake, bali humrudisha humo akiwa na mzigo mzito zaidi.

Mayfield alizaliwa tarehe 3 Juni 1942 huko Chicago, mji uliokuwa umepokea umati wa Watu Weusi waliohama majimbo ya Kusini wakiukimbia umaskini, ubaguzi wa kisheria na mauaji ya kutundikwa mitini, katika uhamaji ambao kati ya miaka ya 1910 na 1970 uliwahusisha watu wapatao milioni sita. Nyanya yake mzaa baba, Annie Bell Mayfield, alikuwa mchungaji wa kanisa dogo la Kispiritualisti, yaani la madhehebu yanayoamini kwamba roho za waliokufa zaweza kuwasiliana na walio hai, na ni katika kanisa hilo, akiwa bado mtoto, ndimo alimoimba pamoja na Jerry Butler, ambaye baadaye alianzisha naye The Impressions pamoja na vijana waliotoka Chattanooga, Tennessee. Makanisa ya namna hiyo huimba kwa mwito na kiitikio: mwimbishaji hutupa mstari, na kusanyiko huudaka, hulijaza pengo aliloliacha, na kumrudishia mstari huo ukiwa na nguvu zaidi ya alizoutolea. Anayeimba peke yake katika utaratibu huo hawi peke yake kwa maana halisi, kwa kuwa mstari wake haujakamilika mpaka uitikiwe, na mwimbishaji asiyeitikiwa hujua mara moja kwamba ama amekosea ufunguo wa wimbo, ama amekwenda mahali ambapo watu wake hawakuwa tayari kumfuata.

Utaratibu huo ulikuwemo hata katika mikono yake. Mayfield hakufundishwa gita na mwalimu. Alikuwa amezoea kuchezea vibonyezo vyeusi vya piano, na alipopata gita alizikaza na kuzilegeza nyuzi zake sita mpaka zikalia kwa noti za vibonyezo hivyo. Ili kuona uzito wa jambo hili ni lazima ieleweke kwamba wapiga gita walio wengi huzityuni nyuzi, yaani huzilinganisha, kwa mpangilio ambao zikipigwa zote bila kubanwa hazitoi mlio unaopatana. Mapatano huletwa na vidole vya mkono wa kushoto vinavyozibana juu ya shingo ya gita. Katika gita la Mayfield mapatano yalikuwepo kabla ya kidole kugusa uzi. Nyuzi zilikuwa zimekwisha kusikilizana, na kazi ya mkono ilikuwa kuingia katika maafikiano hayo, kuyasogeza kidogo, kuteleza kutoka uzi huu hadi ule kwa vijineno vifupi vinavyojibu sauti ya mwimbaji, kisha kuyarudia. Mtindo huo laini uliwaathiri wapiga gita wengi, akiwemo Jimi Hendrix, lakini mtu mwingine akilishika gita lenyewe na kuweka vidole kwa namna aliyozoea, lilimtolea milio asiyoitarajia. Ulikuwa ulimi wa mtu mmoja, uliojengwa juu ya sauti zilizokwisha kupatana.

Mtu anayetarajia kwamba albamu ya kwanza ya mpiga gita itakuwa uwanja wa kuonyesha gita atashangazwa na Curtis, kwa kuwa humo gita limekaa nyuma kama mtu anayemwachia mgeni kiti cha mbele. Kinachosikika kwanza ni besi, halafu tumba, zile ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja, ambazo Henry Gibson anazipiga bila kuchoka, halafu tarumbeta, fidla na kinubi. Na juu ya hivyo vyote ni sauti ya Mayfield mwenyewe, sauti nyembamba ya kiume iliyopandishwa juu kuliko kimo chake cha kawaida, ambayo waimbaji huiita falseto. Hakuna mahali ambapo anayesikiliza anaombwa amstaajabie mpigaji. Mtu aliyeamua kutoka kundini akiwa na uhuru wote, tena akiwa na kampuni yake mwenyewe ya santuri, Curtom, aliyoianzisha mwaka 1968 pamoja na Eddie Thomas, alichagua kuutumia uhuru huo kujipunguza, na uamuzi huo wa kisanaa unakwenda sambamba na uamuzi wa kimaadili uliomo katika maneno ya nyimbo.

Sababu ya kutoka haikuwa ugomvi. Aliendelea kuwatungia The Impressions nyimbo na kuwasimamia studioni, na nafasi yake ya uimbaji ikachukuliwa na Leroy Hutson. Lakini maneno yaliyokuwa yakimjia hayakuweza tena kusemwa kwa sauti tatu zilizopatana kwa upole. Katika miaka ya harakati za haki za raia kundi hilo lilikuwa limeimba nyimbo za kutia moyo, kama Keep On Pushing ya mwaka 1964 na People Get Ready ya mwaka 1965, ambazo waandamanaji walizichukua na kuzifanya zao. Kisha tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa Memphis, na mitaa ya magharibi ya Chicago ikawaka moto. Na tarehe 4 Desemba 1969, katika mji huo huo, Fred Hampton, kiongozi wa chama cha Black Panther mwenye umri wa miaka 21, aliuawa na polisi waliovamia nyumba yake alfajiri. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea kuwala vijana, na mihadarati ilikuwa ikiwala waliobaki. Mtunzi ambaye katika People Get Ready aliwaambia watu wajiandae kwa safari ya gari moshi sasa alipaswa kuwaeleza kwa nini gari hilo lilikuwa halijafika.

Albamu inaanza kwa besi iliyokwaruzwa kwa umeme hata ikakaribia kunguruma, na juu yake inasikika sauti ya mwanamke anayezungumza kwa bidii juu ya Biblia na kitabu cha Ufunuo, kama vile mlango wa kanisa umeachwa wazi na mpita njia anasikia mahubiri kutoka barabarani. Kisha sauti ya Mayfield inatokea ikiwa imetiwa mwangwi mzito, ikiyaita makundi ya watu moja baada ya jingine, Weusi na weupe, wake kwa waume, Wayahudi na wasio Wayahudi, kwa majina ya heshima na kwa majina ya matusi ambayo makundi hayo yalikuwa yakiitana. Na baada ya kuwaita wote anawatangazia lile ambalo jina la wimbo linalisema waziwazi, kwamba ikiwa Jehanamu ipo huko chini, basi sote tutakwenda. Baada ya tangazo hilo hafuatishi neno. Anapiga ukelele, na ngoma zinaingia.

Uzito wote wa tangazo hilo umo katika neno "sote". Kiswahili huweza kulipima kwa usahihi, kwa kuwa "sisi" inaweza kuwaacha nje wanaosikiliza, kama mtu anapowaambia wenziwe kwamba sisi tunaondoka na ninyi mbaki, lakini "sote" haimwachi mtu. Anayeitamka amewafunga pamoja msemaji, msikilizaji na hata adui aliye mbali. Mayfield angeweza kusema "ninyi". Alikuwa na kila sababu ya kihistoria ya kufanya hivyo, akiwa mjukuu wa watu waliokimbia kuuawa, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuielekeza Jehanamu upande mmoja wa mji. Badala yake aliyaita makundi yote yaliyokuwa yakitukanana, akayasimamisha katika mstari mmoja, kisha akaenda mwenyewe kusimama ndani ya mstari huo kabla ya kufumbua kinywa.

Maandiko matakatifu yanamjua mwonyaji wa aina hiyo, kama yanavyomjua pia yule wa aina nyingine. Nabii Yona, baada ya kuutangazia mji wa Ninawi kwamba ulikuwa umebakiza siku arobaini, alitoka nje, akaketi upande wa mashariki na kujitafutia kivuli ili atazame litakaloupata, naye alikasirika kwamba umesamehewa. Naye Mungu hakulikosoa tangazo lake, ambalo lilikuwa la kweli, bali alikikosoa kivuli alichokuwa amekikalia. Musa, kwa upande mwingine, watu wake walipoabudu ndama wa dhahabu wakati yeye hakuwepo, na kwa hiyo hakuwa na hatia yoyote, alimwomba Mungu kwamba kama hawasamehewi basi na jina lake lifutwe katika kitabu. Danieli, ambaye Biblia haimsimulii kwa kosa, aliungama dhambi za taifa lake kwa nafsi ya kwanza wingi, na Isaya alipoitwa aliutaja uchafu wa midomo yake kabla ya kuutaja ule wa watu wake. Wote watatu walionya, lakini hakuna kati yao aliyejitafutia kivuli nje ya mji.

Katika mapokeo ya Kiislamu fundisho hilo limewekwa katika mfano ambao watu wa pwani huuelewa bila kufafanuliwa. Hadithi ya Mtume, iliyopokewa na Nu'man bin Bashir na kuhifadhiwa na Bukhari, inawafananisha wanadamu na abiria waliopiga kura ya nafasi katika chombo, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini, kwa kuwa kila wakitaka maji hulazimika kupita kwa wenzao wa juu na kuwasumbua, wanafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Na mfano unahitimisha kwamba wakiachwa wafanye walitakalo wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Ukali wa mfano huu umo katika jambo ambalo haulisemi waziwazi lakini unaliacha lionekane, nalo ni kwamba wa chini hawakuwa wabaya, walikuwa na kiu, na kwamba wa juu wasipojali namna maji yanavyowafikia wenzao wamekwisha kushiriki katika kulitoboa lile tundu. Chini ya chombo hakuna bahari mbili. Jehanamu ya Mayfield, ambayo jina la wimbo wake linaiweka chini, ni bahari ya aina hiyo.

Msomaji wa Kiswahili anao mfano mwingine karibu zaidi, ingawa hakuna uhusiano wowote wa kihistoria kati yake na mpiga gita wa Chicago. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa visiwa vya Lamu uliotungwa yapata mwanzoni mwa karne ya 19, unayaangalia magofu ya Pate, mji uliokuwa na majumba na taa na karamu, na unafikia mwisho wake kwa kuzitaja tabaka za moto. Lakini anayeonywa katika utenzi huo tangu mwanzo ni moyo wa mshairi mwenyewe, na wasomaji wa vizazi vyote wamepokea onyo hilo kwa sababu walimkuta mshairi amelipokea kwanza. Ushairi wa mawaidha ulio bora, popote unapotungwa, hulipitisha onyo katika kifua cha mwonyaji kabla ya kulifikisha kwa mwingine, na msikilizaji hulitambua hilo kwa haraka kama anavyotambua sauti iliyokosa ufunguo.

Hata hivyo ipo hoja pingamizi ambayo si ya kupuuzwa. Kama sote tutakwenda, mtu anaweza kuuliza, tofauti kati ya aliyeshika kamba na aliyetundikwa imekwenda wapi? Je, neno "sote" halimpi mdhalimu mahali pazuri pa kujificha, akawa mmoja tu katika umati wa wenye dhambi? Hoja hii ilikuwa hai katika miaka hiyo hiyo. James Cone, mwanateolojia Mweusi aliyetoa kitabu chake cha kwanza juu ya teolojia ya Watu Weusi mwaka 1969 na kingine mwaka 1970, alisisitiza kwamba Mungu wa Biblia ana upande, naye huwa pamoja na wanaoonewa, na kwamba mahubiri yasiyosema hivyo yanamtumikia mwenye nguvu hata yanapojidai kuwa ya watu wote.

Jibu linapatikana kwa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa, yaani hatia na dhamana. Hatia ni ya aliyetenda, na haigawanywi. Dhamana ni wajibu wa kujibu kwa ajili ya hali ya jumuiya, nayo inamhusu kila aishiye ndani yake. Rabi Abraham Heschel, aliyeandamana na King huko Selma mwaka 1965, aliijenga juu ya tofauti hiyo maana yote ya unabii katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu manabii, akionyesha kwamba katika taifa wenye hatia wanaweza kuwa wachache wakati wenye dhamana ni wote. Kwa tofauti hiyo neno "sote" haliifuti hatia ya mtu. Linamwondolea kila mmoja udhuru wa kusema kwamba moto ulioko upande wa pili wa mji haumhusu, na anayenyang'anywa udhuru huo kwa ukali zaidi ni yule mwenye nguvu, ambaye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kujijengea ukuta. Ndiyo maana katika wimbo huo huo Mayfield anamtaja rais wa wakati huo, Richard Nixon, kuwa mtu anayewaambia watu wasiwe na wasiwasi. Yeremia aliwashutumu manabii waliolitibu jeraha la taifa kwa juu juu wakitangaza amani mahali pasipo na amani, na faraja ya Ikulu katika wimbo huu ni faraja ya manabii hao.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Mayfield hakulifikia neno "sote" kwa siku moja. Katika People Get Ready aliimba juu ya gari moshi la wokovu lisilodai tiketi, lakini humo alimkatalia nafasi mtu mmoja, yule mwenye dhambi ambaye angeuumiza uanadamu wote ili aiokoe nafsi yake. Dhambi inayomfungia mtu mlango katika wimbo wa mwaka 1965 ni ile ya kutaka kuokoka peke yake kwa gharama ya wengine. Na wimbo wa mwaka 1970 unaikamilisha hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba anayetaka kuokoka peke yake amejidanganya, kwa sababu njia hiyo haipo. Nyimbo hizo mbili, ya kwanza nyororo na ya pili yenye kunguruma, zina imani moja.

Mpangilio wa nyimbo katika upande wa kwanza wa santuri unathibitisha kwamba wingi huo haukuwa wa kelele tu. Baada ya "sote" ya wimbo wa kwanza unafuata The Other Side of Town, ambamo nafsi inarudi kuwa ya umoja, maskini mmoja anayeeleza jinsi anavyoishi upande ule wa mji ambao wengine hawaupiti. Kisha The Makings of You, wimbo wa mapenzi unaomwelekea mpenzi mmoja kwa upole mkubwa. Na upande huo unafungwa kwa We the People Who Are Darker Than Blue, ambamo "sisi" inarudi, lakini sasa ni "sisi" ya ndani, ya Watu Weusi wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe juu ya migawanyiko yao, dharau ya rangi baina ya weusi zaidi na weupe kidogo, na hatari ya kuyatimiza kwa mikono yao wenyewe yale ambayo adui amewatabiria. Wimbo huo unaanza polepole kama maombolezo, kisha katikati sauti inanyamaza na tumba zinalipuka kwa mbio kana kwamba watu wameamua kuondoka, halafu mwendo wa polepole unarudi. Hapa onyo limepita katika mizunguko yake yote, kutoka kwa wanadamu wote hadi kwa mtu mmoja, hadi kwa wapendanao, hadi kwa taifa. Na anayeonya hajawahi kutoka nje ya mzunguko wowote.

Halafu msikilizaji wa mwaka 1970 alilazimika kuinuka. Santuri ilikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulipomalizika mtu aliuinua mkono wa sindano, akaishika sahani kwa kingo zake, akaigeuza, akaurudisha mkono huo kwa uangalifu. Na katika kimya hicho kifupi kati ya maombolezo na kitakachofuata kulikuwa na nafasi ya kufikiri ambayo vifaa vya leo haviitoi. Kilichofuata ni tarumbeta za Move On Up, wimbo wa karibu dakika tisa unaomwelekea kijana anayekata tamaa na kumhimiza apande. Maneno yake yanakwisha wimbo ukiwa bado una muda mrefu, na muda huo uliosalia unaachiwa ngoma, tumba na vyombo vya kupuliza, vikizunguka na kuzunguka bila kuonyesha dalili ya kuchoka.

Tumaini linalosikika hapo si ile hali ya moyo ya kudhani kwamba mambo yatakuwa mazuri, maana upande wa kwanza umekwisha kuikana dhana hiyo. Gabriel Marcel, mwanafalsafa Mkristo wa Ufaransa, aliandika kwamba tumaini la kweli hutofautiana na matarajio kwa kuwa halimhusu mtu mmoja; anayetumaini humtumaini Mwingine, na humtumaini kwa ajili ya "sisi". Kwa maelezo hayo onyo na tumaini vina sarufi moja. Anayejua kwamba wataangamia pamoja ndiye anayeweza kuamini kwamba wataokoka pamoja, na ndiyo sababu albamu iliyoanza na Jehanamu ingeweza kufika kwenye wimbo huu bila kujipinga. Tena ni jambo lenye maana kwamba tumaini hilo linapofika kilele chake linaacha kuwa hotuba na kuwa mdundo, kwa kuwa mdundo ni kitu ambacho mtu hawezi kukipokea akiwa ameketi kivulini nje ya mji. Humwingia mwilini, humwinua, na humweka katika mwendo mmoja na watu asiowajua.

Wapo waliouliza, na bado wapo wanaouliza, kama muziki wa aina hii unastahili kuitwa wa kidini, hali ulipigwa katika kumbi za dansi na kuuzwa madukani, ambako albamu hii ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za soul nchini Marekani. Cone, katika kitabu cha mwaka 1972, alijibu kwamba nyimbo za kiroho za watumwa na zile za huzuni za baa zilitoka katika kisima kimoja cha mateso na utu, na kwamba kuzitenganisha ni kutozielewa zote mbili. Inaweza kuongezwa kwamba mwito wa nabii haukuwahi kusubiri jengo. Wengi wa manabii walisema malangoni, sokoni na mbele ya wafalme, mahali ambapo ibada haikutarajiwa, na kilichowafanya manabii ni uaminifu wao kwa walichotumwa kukisema na kwa waliotumwa kwao.

Uaminifu huo ulipimwa kwa namna ambayo mtu yeyote angeomba aepushwe nayo. Tarehe 13 Agosti 1990, katika uwanja wa Wingate huko Brooklyn, upepo mkali uliuangusha mtambo wa taa juu ya jukwaa wakati Mayfield akiingia, naye akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Gita lile, ambalo liliujua mkono wa mtu mmoja tu, halikupigwa naye tena. Lakini mwaka 1996 alitoa albamu nyingine, New World Order, aliyoiimba akiwa amelala chali ili mapafu yapate nguvu ya kusukuma pumzi, mstari mmoja kwa wakati, huku wengine wakiikusanya mistari hiyo na kuiunga mpaka ikawa wimbo. Alifariki tarehe 26 Desemba 1999.

Miaka 26 kabla ya New World Order, akiwa na afya, kampuni na jina lake kwenye jalada, alikuwa amechagua kusema "sote" mahali ambapo angeweza kusema "mimi" au "ninyi", na hakuna aliyemlazimisha. Mwaka 1996 neno hilo halikuwa tena uchaguzi wa kishairi, kwa kuwa alihitaji mikono ya watu wengine hata kwa pumzi aliyoitoa. Na bado mistari ile, ikiwa imeungwa, ilitoka kwa sauti ile ile nyembamba ya juu, ya mwimbishaji anayetupa mstari na kuacha pengo, akijua kwamba kuna watakaoitikia.